Dhahabu na Risasi: Habari za Kitambua Metali

Katika mtaa wa Jabe, mjini Bujumbura, hakuna mtu achimbaye dhahabu. Wakazi wake ni mafundi, wachuuzi, madereva, walimu na watu wa kazi nyinginezo za mjini, na dhahabu waijuayo ni ile ya pete na hereni. Hata hivyo, jioni moja kijana tuliyemfundisha Kiswahili miaka iliyopita alitujia nyumbani amebeba sanduku refu la karatasi ngumu, akatuomba tumtafsirie kitabu. Ndani ya sanduku mlikuwamo fimbo ya kukunjua, sahani ya plastiki ya kufungwa kwenye ncha ya fimbo, kisanduku chenye vitufe, betri na visikizio vya kuvaa masikioni. Kilikuwa kitambua metali, kile ambacho wachimbaji wengi wa Tanzania hukiita detekta. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, na kijana wetu hajui Kiingereza zaidi ya salamu.

Alikuwa ameuza pikipiki aliyokuwa akibebea abiria. Fedha hazikutosha, akamkopa mjomba wake, akamlipa mfanyabiashara mmoja aliyemhakikishia kwamba chombo hicho huona dhahabu mita tatu chini ya ardhi. Nia yake ilikuwa kwenda Mabayi, kaskazini-magharibi mwa nchi, akatafute madonge. Yeye aliyaita mapepiti, kwa kufuata Kifaransa. Mama yake alikuja naye, akaketi mlangoni, wala hakusema neno ila hili: "Mwalimu, msomee vizuri."

Tulikaa na kitabu kile siku tatu. Kazi hiyo ndiyo iliyotusukuma kutafuta habari za chombo chenyewe, maana mwalimu wa lugha akiulizwa maana ya neno hana budi kujua na kitu kinachoitwa kwa neno hilo. Habari hizo ndizo tunazowaletea wasomaji wetu.

Tuanze na jina la kitu kinachotafutwa. Kwamba neno dhahabu limetoka katika Kiarabu, kila mwalimu wa Kiswahili ajua. Lisilosemwa mara nyingi darasani ni kwamba Warundi nao husema inzahabu, Wanyarwanda zahabu, na Waganda zaabu. Ni neno lile lile, limevikwa vazi la kila lugha. Chuma kina majina yake katika lugha hizi tangu kale, kwani wahenga walikiyeyusha na kukifua karne nyingi kabla misafara ya Pwani haijafika Ujiji. Dhahabu ilikuwamo mitoni siku zote, lakini yaelekea hapakuwa na aliyeihitaji kiasi cha kulishika jina lake. Ilikuja na jina kutoka mkononi mwa mfanyabiashara.

Na Pwani yenyewe haikuichimba. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba dhahabu ya Sofala ililetwa kutoka nchi ya bara aliyoiita Yufi, mwendo wa mwezi mmoja. Neno alilolitumia ni tibri, maana yake dhahabu ya unga ambayo haijafuliwa. Dhahabu hiyo ilipimwa kwa mithkali, kipimo cha gramu nne na kitu hivi, ambacho kimebaki hadi leo katika jina la fedha ya Msumbiji, metikali, iliyoanza kutumika mwaka 1980. Twamwomba msomaji alishike neno unga, kwa sababu tutalirudia.

Sasa chombo. Ndani ya ile sahani mna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita katika waya huzaa nguvu ya sumaku inayoshuka ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali yoyote, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa sumaku yake, hafifu mno, inayorudi juu. Chombo huihisi na kuigeuza kuwa sauti. Basi, hakuna zaidi. Hakioni rangi wala hakipimi thamani. Darasani tunafundisha kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu; lakini donge la dhahabu lililofunikwa na udongo haling'ai kabisa, na chombo hiki hakitazami, husikiliza tu.

Wala hakikuanza kwa dhahabu. Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi katika stesheni ya reli mjini Washington, na risasi moja ikabaki mwilini. Siku zile picha za eksirei hazijagunduliwa. Madaktari waliitafuta kwa vidole na vyuma, nao wakazidisha usaha katika jeraha. Ndipo alipoitwa Alexander Graham Bell, yule wa simu. Bell alichukua mizani ya umeme iliyokuwa imebuniwa miaka miwili nyuma na David Hughes, akaiunganisha na kisikizio cha simu yake, akaifanyia majaribio mengi, kisha akaenda nayo Ikulu mara mbili, mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti. Chombo kilitoa sauti za kutatanisha. Sababu moja inayotajwa ni kwamba godoro la mgonjwa lilikuwa na springi za chuma. Nyingine ni kwamba daktari mkuu aliamini risasi iko upande wa kulia, akataka upande huo ndio upimwe. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba, na mwili ulipopasuliwa risasi ilikutwa upande wa kushoto.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu makosa yote mawili ya mwaka ule yangali yakirudiwa na watafuta dhahabu: kusikia chuma kilicho karibu na kudhani ni kile ukitakacho, na kutafuta mahali ulipokwisha kuamini badala ya mahali kilipo.

Miaka ya 1930, Gerhard Fischer, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alikuwa akitengeneza mitambo ya redio ya kuongozea ndege. Ikaonekana kwamba mitambo hiyo hukosea dira inapopita juu ya ardhi yenye metali. Fischer akaligeuza kosa kuwa kazi, na mwaka 1937 akapewa hati ya kumiliki uvumbuzi wa chombo cha kutafutia metali kinachobebeka.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1941, Józef Kosacki, ofisa wa jeshi la Poland aliyekuwa kambini Uskoti, alitengeneza chombo cha kutafutia mabomu yaliyofukiwa, akawapa Waingereza bila kudai malipo. Vyombo vipatavyo 500 vya namna hiyo vilipelekwa El Alamein, Misri, mwaka 1942, askari wakatangulia navyo kuwafungulia wenzao njia mchangani.

Hapa nyumbani, fimbo na sahani yake tuliviona kwanza kwa kazi hiyo hiyo. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliacha mabomu ya kutegwa ardhini, na Burundi iliporidhia mwaka 2003 mkataba wa kuyapiga marufuku ilijitia katika wajibu wa kuyaondoa yote. Wakaonekana watu waliovaa ngao za kifuani na za uso, wakitembea hatua kwa hatua, wakipunga fimbo kushoto na kulia juu ya majani. Mtegua mabomu, kila sauti aisikiayo huihesabu kuwa kifo hadi athibitishe vingine, ijapokuwa nyingi ni misumari na vifuniko vya soda. Mtafuta dhahabu, kwa sauti zile zile, kila moja huihesabu kuwa utajiri. Chombo ni kimoja, na kwa wote wawili kinachochimbuliwa aghalabu ni msumari.

Dhahabu iliingiaje? Iliingia kwa bei. Hadi mwaka 1971 wakia moja ya dhahabu ilishikiliwa kwenye dola 35 za Kimarekani. Bei ilipoachwa huru ilipanda hata kufika dola 850 mwezi Januari 1980. Mwaka huo huo, tarehe 26 Septemba, mtu mmoja aliyekuwa akipita na kitambua metali karibu na kijiji cha Kingower, jimboni Victoria nchini Australia, alifukua donge la kilo 27 na zaidi. Lilipewa jina la Mkono wa Imani, likauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Habari hizo zilienea duniani kote. Lililoenea kidogo ni hili: donge lile la kilo 27 lilikuwa sentimita 30 tu chini ya uso wa ardhi. Donge kubwa kuliko hilo, lililopatikana jimboni humo mwaka 1869 bila mashine yoyote, lilikuwa sentimita chache tu chini ya udongo.

Basi mtu akikuambia chombo chake huona dhahabu mita tatu chini, muulize: dhahabu ya ukubwa gani? Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele husikika kwa sentimita chache. Na dhahabu ya unga, ile tibri ya Ibn Battuta, haisikiki kabisa, hata ikiwa nyingi katika ndoo moja ya mchanga, kwa kuwa kila chembe peke yake ni ndogo mno kuweza kujibu.

Pana na shida ya udongo. Udongo mwekundu, kama ule wa Australia na wa vilima vyetu, una chuma kingi, nao wenyewe huitikia sumaku. Chombo cha kawaida hulia juu yake mfululizo. Kitabu kilikuwa na sura nzima juu ya jambo hilo, na kichwa chake kilitusumbua kuliko kingine chochote. Tukakitafsiri "kusawazisha chombo na udongo", yaani kukizoesha sauti ya ardhi yenyewe ili kiinyamazie, kisikie kile kisicho cha ardhi. Waaustralia ndio walioshughulika zaidi na shida hiyo. Kampuni ya Minelab ilianzishwa huko mwaka 1985, na katika miaka ya 1990 ilitoa vyombo vinavyotuma sumaku kwa mapigo ya urefu mbalimbali, vikaweza kutafuta katika udongo uliokuwa umewashinda watangulizi wao.

Vyombo hivyo vilipofika Afrika vilikuta watu tayari. Sudan ilipoteza sehemu kubwa ya mafuta yake mwaka 2011 Sudan Kusini ilipojitenga, na makundi ya watu wakashika njia za jangwani na detekta mabegani. Chad na Niger zikafuata, Djado ikajaa watafutaji mwaka 2014. Jangwa lawafaa, kwa kuwa udongo umepeperushwa na upepo, dhahabu ya vipande imebaki karibu na uso, na maji ya kuoshea mchanga hakuna. Kwa upande wetu wa Afrika, mahali panapofanana na hapo kidogo ni Chunya. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na wachimbaji wa miaka ya 1930, kwa uhaba wa maji, walipepeta mchanga mkavu kwa upepo kama apepetaye mpunga. Vipande walivyoviruka ndivyo wenye detekta wanavyovitafuta leo.

Soko likiwa kubwa, mwizi huja. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba michoro ya siri ya vyombo vya Minelab ilikuwa imeibwa na wadukuzi miaka michache nyuma, kutoka katika kompyuta ya mfanyakazi aliyekuwa safarini China. Vyombo bandia vilivyotengenezwa kwa michoro hiyo vikamiminika Afrika, hata kampuni mama, Codan, ikalazimika kushusha bei ya vyake halisi. Tangu siku hizo mnunuzi wa Khartoum au wa Bujumbura hana hakika ameshika nini.

Tuliposoma habari hiyo tulirudi kwenye sanduku la kijana wetu, tukalinganisha. Jina lililokuwa kwenye fimbo halikuwa lile lililokuwa kitabuni. Lilifanana nalo, likipungukiwa herufi moja. Na kitabu kilikuwa nakala ya nakala, kurasa mbili zimerudiwa. Tulinyamaza siku moja nzima tukiwaza namna ya kumwambia. Tulipomwambia, alijibu kwamba alikwisha kuliona tatizo la herufi, lakini mfanyabiashara alimweleza kuwa ndivyo wanavyoandika Waarabu.

Lakini hata kingekuwa halisi, swali kubwa lingebaki: je, kule aendako kuna madonge? Dhahabu ya Kilo, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ilipatikana mtoni mwaka 1903, na ile ya Kakamega mwaka 1931 ilianza vivyo hivyo, kwa kuosha mchanga. Tangu enzi ya Wabelgiji, mito ya kaskazini-magharibi mwa Burundi nayo imekuwa ikichotwa mchanga na kuoshwa kwa karai. Vipande hupatikana, hatukatai. Lakini sehemu kubwa ni unga, na kwa unga karai la bei ya soko la Jabe lashinda detekta ya maelfu ya dola.

Kwa nini basi kijana wa Jabe asadiki? Twadhani sababu ni historia ya mji wetu. Bujumbura, kama Kilwa, ni mji ambao dhahabu hupita. Mwaka 1982 serikali ya Zaire iliwaruhusu raia wake kuchimba na kuuza dhahabu, na nyingi kati ya ile ya Kivu ilivuka kwa magendo hadi kwetu. Ilifika wakati nchi hii ikauza nje dhahabu nyingi kuliko ile iliyochimbwa katika ardhi yake. Watoto waliokulia Bwiza na Buyenzi walisikia habari za mtu aliyekuja na begi dogo akarudi na gari. Hawakusikia habari za waliokuja na begi wakarudi na begi, wala za waliofukiwa mashimoni, kama wale wapatao 50 wa Kamituga, Kivu ya Kusini, Septemba 2020. Dhahabu ifikapo mjini huwa imekwisha kuwa kipande kilichoyeyushwa, kizito, kinachotosha kiganja. Mtu aliyeiona hivyo tu hudhani ndivyo ilivyokuwa ardhini.

Sentensi moja ya kitabu tuliitafsiri mara tatu. Ilionya kwamba chombo hakiwezi kutofautisha dhahabu na ile metali laini, nzito, ya kijivu, ambayo sisi huiita risasi. Sauti zao hukaribiana mno. Tuliandika: "Risasi hulia kama dhahabu." Kijana akauliza, "Mwalimu, risasi ipi? Ya bunduki au ya betri?" Ni swali zuri la sarufi. Katika Kiarabu neno hilo ni la metali. Maana ilihamia mpaka kwenye kitu kilichotengenezwa kwa metali hiyo, na wanafunzi wengi wa Kiswahili hawajui tena maana ya kwanza. Tukamjibu kwamba ni zote mbili, kwa kuwa kwa chombo hakuna tofauti. Akacheka, akasema kule Mabayi, ukingoni mwa msitu wa Kibira, risasi haziwezi kukosekana. Alikuwa mtoto wakati wapiganaji walipojificha katika msitu ule. Mama yake hakucheka.

Hatukumzuia. Tulimshauri ajiunge kwanza na chama cha wachimbaji chenye kibali, asiingie msituni, na aandamane na mtu mwenye karai. Twakiri kwamba hatukusema kwa sauti ya kutosha. Tulikuwa tumeshapendezwa na kazi yetu ya kutafuta maneno, na kila neno lililopatikana lilimfanya aamini zaidi kwamba chombo chake ni cha kweli.

Alirudi baada ya wiki saba. Fundi redio wa mtaani alikifungua kile kisanduku cha vitufe mbele yetu, akatuonyesha kwamba kitufe cha kusawazisha udongo hakikuunganishwa na waya wowote. Kilikuwa pambo. Hata hivyo chombo kilikuwa kinalia, kwani metali kilikuwa kikiisikia, na kijana alichimba kila kilipolia. Alituwekea mezani mkebe wa maziwa ya unga, akaumimina: misumari, kipande cha jembe, maganda matano ya risasi, risasi moja iliyopinda ambayo alikuwa ameisafisha kwa mswaki akidhani ndiyo yenyewe, na sarafu moja ya faranga yenye picha ya simba, ya ile benki iliyohudumia Rwanda na Burundi pamoja kati ya 1960 na 1964. Dhahabu ilikuwa kando, katika karatasi iliyokunjwa: chembe chache alizogawiwa na wenye karai kwa kuwasaidia kubeba mchanga. Hazikutosha nauli ya kurudi.

Maganda ya risasi mama yake aliomba yatupwe chooni, yakatupwa. Sarafu alituachia sisi. Deni la mjomba hulilipa kidogo kidogo kwa kuendesha pikipiki ya mtu mwingine, na mara mbili sasa amekuja kuuliza kama twaweza kumfundisha Kiingereza.